Barua pepe hapana, nukushi sawa! Hii ni akili gani?

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Nilikuwa BTP. Kwa wale wasiojua lugha yetu ya ualimu, ni yale mazoezi ya kufundisha tunayopelekwa mashuleni. Safari hii nilipangiwa Karatu. Wiki nane za chaki, vumbi jekundu na baridi ya asubuhi ambayo watu wa Dar hawawezi kuielewa. Hadithi za darasani nitazileta siku nyingine, zipo nyingi na nyingine za kuchekesha sana. Leo nina ugomvi na kitu kimoja tu: nukushi. Ndiyo, faksi, ile mashine ya ofisini yenye simu ubavuni.

Msimamo wangu nausema mapema, ili asiyetaka kufika mwisho asimalize bando lake bure. Ofisi inayokataa waraka uliotumwa kwa barua pepe, halafu ikaupokea waraka huohuo ukija kwa nukushi, hakuna inachokilinda. Wakikwambia ni usalama, sio kweli. Wakikwambia ni sheria, sio kweli. Ni mazoea tu, na bili ya mazoea hayo wanalipishwa watu wanaoishi mbali na ofisi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzetu mmoja, binti wa Endulen kule ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, alipangiwa shule moja vijijini Karatu. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimtaka apeleke barua ya mkuu wa shule kuthibitisha kwamba amepokelewa, yenye sahihi na muhuri, kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Bila barua hiyo jina haliingii kwenye orodha ya watakaokaguliwa. Usipokaguliwa BTP yako haihesabiki, unasubiri wenzako wavae joho halafu wewe unarudi kurudia. Kwa hiyo msije mkasema nakuza jambo dogo.

Mkuu wa shule hakuwa na longolongo. Jumatano barua ikaandikwa, ikapigwa muhuri wa bluu, tukaenda nayo steshenari Karatu mjini, ikaskaniwa kwa shilingi 500, ikatumwa kwa barua pepe. Alhamisi asubuhi binti akapiga simu kuulizia, akaweka spika nami nikasikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, nikusaidie nini?"

"Jana nilituma barua kwenye barua pepe ya ofisi, naomba kujua kama mmeipata."

"Tumeiona. Ila hatupokei barua kwa imeili, mwanangu. Ilete mwenyewe, au mwambie mkuu wako aitume kwa nukushi. Namba yetu si unayo hapo juu kwenye barua?"

"Mama, shule haina nukushi."

"Basi panda gari uilete."

Yule mama hakuwa mkali, wala simlaumu. Ndivyo alivyoelekezwa na wakubwa zake. Lakini hilo gari la kupanda ni lipi? Ofisi iko mkoa mwingine. Binti ana vipindi Alhamisi na Ijumaa, bumu lilishakata zamani, na hata akipanda Noah ya Arusha jioni hiyo, zaidi ya kilometa 130, bado hajafika anakokwenda. Atalala wapi?

Tukazunguka Karatu mjini tukiulizia nani ana faksi. Steshenari ya kwanza kijana akatuuliza kama hiyo ni aina ya printa. Ya tatu mzee mmoja akacheka, akasema ya kwake alishaiuza chuma chakavu. Mwishowe kaka mmoja wa kampuni ya utalii akatuambia, "Mbona faksi mnaweza kutuma kwa barua pepe?" Akatufungulia huduma ya mtandaoni, akalipa kwa kadi yake, sisi tukamrudishia hela yake kwenye simu. Tukapakia faili lilelile la PDF. Lilelile wadau, hatukugusa hata nukta. Tukaandika namba ya nukushi ya ile ofisi, na baada ya dakika chache ukaja ujumbe kwamba ukurasa mmoja umefika.

Binti akapiga tena. "Eeh, hapo sasa mwanangu! Imefika. Muhuri hausomeki vizuri, lakini tumeipokea."

Muhuri hausomeki vizuri, lakini tumeipokea. Naomba msome tena hiyo sentensi taratibu. Juzi walikuwa na nakala ya rangi, safi, muhuri wa bluu unaonekana mpaka tarehe. Wakaikataa. Leo wana kivuli cheusi cha nakala hiyohiyo. Wakaipokea! Binti alikaguliwa, mambo yakaisha. Lakini mimi sijaisha.

Tuanze na mashine yenyewe, maana watu wengi wanaiheshimu bila kujua inafanya nini. Nukushi haisafirishi karatasi. Inaiangalia karatasi mstari kwa mstari, inagawa kila mstari kuwa vidoti vyeupe na vyeusi, inavigeuza kuwa milio, milio inapita kwenye waya wa simu, na mashine ya upande wa pili inavichapa vidoti hivyo kwenye karatasi nyingine. Wazo hili ni la zamani kuliko simu yenyewe. Mskoti Alexander Bain alipata hataza yake Uingereza mwaka 1843, wakati hataza ya simu ya Alexander Graham Bell ni ya 1876. Mashine zilizojaa maofisini duniani zinafuata kiwango cha kimataifa cha mwaka 1980, chenye vidoti 1,728 kwa upana wa ukurasa, nyeupe na nyeusi. Kwa hiyo kinachotoka kule ni nakala. Ni nakala ya ubora wa chini kuliko ile ya skana ya shilingi 500, na rangi ya wino, kitu wanachodai wanakiangalia kwenye muhuri, ndiyo ya kwanza kupotea njiani.

Sasa hii nukushi ya mtandaoni inafanyaje kazi? Unatuma barua pepe au unapakia faili kwenye tovuti ya kampuni. Kompyuta ya kampuni inaligeuza faili kuwa picha ya vidoti, inapiga namba ya nukushi uliyoandika, inajifanya mashine, inaimba ile milio. Kupokea ni kinyume chake: unakodi namba, mtu anakutumia faksi kwenye namba hiyo, kompyuta inaipokea na kukurushia PDF kwenye kisanduku chako cha barua pepe. Sio maajabu mapya. Tangu mwaka 1993 Wamarekani wawili, Carl Malamud na Marshall Rose, walifanya majaribio ya kutuma faksi kwa barua pepe bure. Huduma za kulipia zikafuata baadaye katika miaka hiyohiyo ya 1990.

Umeona hapo? Waraka wa binti ulisafiri kwa intaneti vilevile! Tofauti ni kwamba badala ya kwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha ofisi, ulipitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni ya nje ya nchi ambayo sisi wala ofisi hatuijui, ukapunguzwa ubora, ukachapwa na kuachwa kwenye trei ambapo yeyote apitaye anaweza kuuchukua. Tungekosea tarakimu moja ya namba, ungetokea ofisini kwa mtu mwingine kabisa. Halafu tunaambiwa ni kwa ajili ya usiri. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mambo inayoyagusa ni pamoja na kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Ofisi inayomlazimisha mwanafunzi kupitisha jina lake, shule yake na namba yake ya usajili kwa kampuni ya ughaibuni, ili tu mashine yake ilie, imewahi kuifikiria sheria hiyo?

Najua jibu linalokuja, nimeshalisikia kwa washkaji wa sheria pale kantini. "Watu wataghushi. PDF mtu anaitengeneza kwenye simu." Hoja nzito, na siikwepi. Ila mnakumbuka Aprili 2017? Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti pale Dodoma, na watumishi wa umma 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Hivyo vyeti viliingiaje serikalini? Sio kwa barua pepe. Ni karatasi, zilizopelekwa kwa mkono, zenye mihuri, zikafungiwa kwenye majalada na kukaa humo miaka. Na walikamatwaje? Hakuna aliyekaa na kunusa wino. Vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Kinachomkamata mwongo ni kwenda kuuliza kwenye chanzo, basi. Muhuri unachongwa mtaani mchana kweupe, na karatasi haimwogopi mwizi hata kidogo.

Kwa barua ya yule binti, chanzo kilikuwa mkuu wa shule, na namba yake ya simu ilikuwa juu ya barua. Simu ya dakika moja ingetosha. "Mwalimu, huyu binti mmempokea?" "Ndiyo, yuko darasani sasa hivi." Kazi imekwisha. Hakuna aliyempigia, si kwa barua pepe iliyokataliwa, wala kwa nukushi iliyokubaliwa. Sasa mtu asiyehakiki chochote anapata wapi ujasiri wa kuniambia anaogopa kughushiwa?

Sheria nayo isisingiziwe. Tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na inasema ujumbe wa kielektroniki usikataliwe nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kwa sababu TU. Ukitaka kuukataa, lete sababu nyingine. Ikaja Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Serikali yenyewe ina mfumo wa barua pepe wa taasisi zake na mfumo wa ofisi mtandao wa kupitishia majalada. Cheti chako cha kuzaliwa unakihakiki RITA kwa mtandao. Mkopo wa elimu ya juu tunauomba kwa mtandao, sote tuliomo humu tumeshakesha kwenye ule mfumo.

Na nikirudi Karatu, hapo ndipo uchungu unapozidi. Ule mji unaishi kwa utalii. Mgeni akitaka kushuka kreta ya Ngorongoro, wakala wake anatengeneza namba ya malipo, ile wote tunayoiita kontroo namba, ada inaingia serikalini kwa mtandao, na mgeni anapita lango la Lodoare bila mtu kumdai alete noti mkononi. Mamilioni ya shilingi yanaaminiwa kupita kwenye intaneti. Barua ya ukurasa mmoja ya binti wa palepale Ngorongoro haiaminiwi! Mnielezee jamani, labda mimi ndiye mgumu wa kuelewa.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Nukushi ilikuwa na siku zake, na zilikuwa siku nzuri. Karatu ilipopewa wilaya yake katika miaka ya 1990, ikitoka Mbulu, lami ya kutoka Makuyuni ilikuwa bado. Ilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Loji zilikuwa zikiongea na Arusha kwa redio za mawimbi. Wakala wa Ulaya au Marekani alipotaka vyumba, faksi ilikuwa mkombozi: inaingia usiku watu wamelala, asubuhi unaikuta kwenye trei ina majina, tarehe na sahihi. Hakuna cha kusubiri barua wiki tatu. Wale waliokubali nukushi wakati huo walikuwa wa kisasa kuliko wenzao, na naamini kuna mzee fulani alikuwa akiwaambia "hatupokei makaratasi ya simu, leteni barua". Wakampuuza. Mkongo wa Seacom ulipofika Dar mwaka 2009 na intaneti ikaanza kupata kasi, watu haohao wa utalii walihamia barua pepe bila kulia machozi. Walibaki akina nani kwenye mashine? Wale wasiopoteza chochote wakichelewa, kwa sababu anayechelewa ni mtu wa upande wa pili wa meza.

Kwamba hili liko duniani kote sibishi. Uingereza, mwaka 2018, waziri wa afya Matt Hancock ilibidi apige marufuku hospitali za umma kununua mashine mpya za nukushi, na kuzipa mpaka mwisho wa Machi 2020 kuachana nazo. Japani, nchi ya roboti, waziri Taro Kono alipotaka kuziondoa wizarani mwaka 2021 alipokea mamia ya pingamizi kutoka kwa maofisa. Ila kuna tofauti moja kubwa. Kule, mtu akiambiwa atume faksi, mashine ipo na waya wa simu upo. Hapa kwetu tuliruka simu ya mezani tukaenda moja kwa moja kwenye ya mkononi. Kumdai mtu wa Endulen, Mang'ola au Mbulumbulu nukushi ni kumdai kitu ambacho hakikuwahi kufika kijijini kwake na hakitafika. Wilaya ya Ngorongoro makao makuu yake yako Loliondo. Muulize mtu wa Endulen safari ya kufika huko. Ukimwambia "lete mkononi", unamwondolea siku mbili tatu za maisha yake, na nauli ambayo kwa familia ya wafugaji ni sehemu ya bei ya mbuzi. Mtu wa mjini anaambiwa "lete mkononi", anachukua bodaboda, nusu saa karudi. Utaratibu mmoja, bei mbili. Huo mimi nauita ubaguzi, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Hapo mtu atasema, hata barua pepe nayo ni kwa wenye mtandao. Kweli kabisa. Kuna vijiji ambavyo unapanda kilima kutafuta mnara. Ndiyo maana sisemi karatasi ipigwe marufuku. Mzee anayekuja na bahasha yake ipokewe, tena kwa heshima zote. Wosia na hati ya ardhi pia siviingizi hapa. Ninachokataa ni kufunga mlango ambao wengi wanaweza kuufikia, halafu ukaacha wazi ule ambao karibu kila mtu hana ufunguo wake.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila ofisi iwe na barua pepe moja ya kazi inayofunguliwa kila siku, sio ya mtu binafsi ambaye akihama anahama na neno la siri. Akipokea ajibu: tumepata, namba yako ya kumbukumbu ni hii. Barua pepe bila jibu ni sawa na kutupa jiwe kisimani.

Pili, waraka ukitiliwa shaka, ofisi ipige simu kwenye chanzo. Ni kazi ya ofisi kuhakiki, sio kazi ya mwanafunzi kusafiri.

Tatu, kama kuna bosi ambaye bila nukushi hapati usingizi, basi ofisi yake ndiyo ikodi huduma ya mtandaoni, faksi zimwangukie kwenye barua pepe yake, na alipe yeye. Asiihamishie gharama kwa mtoto wa watu anayeishi kwa bumu.

Nne, namba za nukushi zilizokufa zifutwe kwenye vichwa vya barua. Chukua barua yoyote ya ofisi uliyonayo chumbani, uone mstari wa "Nukushi". Piga hiyo namba. Nimejaribu tatu: moja haipatikani, moja iliita mpaka ikakata, moja alipokea mlinzi.

Halafu lipo la kwetu sisi wenyewe, hasa wa kitivo cha elimu. Miaka michache ijayo tutakuwa walimu wa taaluma, wakuu wa shule, maofisa elimu kata. Mzazi atapiga simu kutoka Endabash au Oldeani akitaka uhamisho wa mwanaye, na atakuuliza kama anaweza kukutumia barua kwa simu. Utakuwa umechoka, una madaftari mia mbili ya kusahihisha, na jibu rahisi kuliko yote litakuwa "njoo nayo mwenyewe". Ndivyo urasimu unavyoanza, bila mtu mbaya hata mmoja. Na kwa sasa, ukiambiwa "hatupokei kwa imeili", usiondoke kimya. Uliza kwa adabu: mama, baba, naomba kujua ni kifungu gani kinakataza? Na kama kipo, naomba uniandikie. Wakikwambia wakuandikie kwa nukushi, nipigieni simu.

Nawasilisha. Kesho nina jaribio la saikolojia ya elimu saa mbili asubuhi na sijafungua daftari, kwa hiyo mniombee.